Bahari Haipimwi Imelala: kwa mnaoanza kazi ya upangaji Mombasa

Faili langu la kwanza lilikuwa la ghorofa nne kando ya hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Nilikuwa mwanagenzi katika kampuni ya wapangaji, na mkubwa wangu alinituma nikapime umbali kutoka majini ili tuandike ripoti. Nilifika saa nne asubuhi, maji yamekupwa. Nikanyoosha utepe kutoka mikoko ilipoishia hadi alama za msingi, nikapata mita 34, nikaandika kwamba hakuna tatizo. Chini ya mkwaju alikaa mzee akishona wavu. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, bahari mwaipima imelala?" Nikacheka, nikaaga.

Wiki mbili baadaye nilipita pale kwa shughuli zangu, saa kumi alasiri, siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vigingi vyangu. Na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba siku ile ya kwanza nayo ilikuwa bamvua. Ningesubiri kwa muda wa saa sita tu, ningeona kwa macho yangu.

Kwa hiyo kabla ya kununua programu ya ramani, tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa. Mombasa, tofauti ya maji siku za bamvua hupita mita 3 kwenda juu, na kwenye ufuo tambarare wa hori hizo ni hatua nyingi sana za kutembea. Kanuni za upimaji zinataja ukanda wa mita 60 kando ya bahari na mita 30 kwenye mito inayofikiwa na maji ya bahari, na zote zinahesabiwa kutoka alama ya maji kujaa. Lakini usizirukie kama aya ya msahafu. Zimeandikwa kwa ajili ya ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe, na hapa kwetu kuna hati za zamani ambazo mpaka wake uko majini kabisa. Ukimtishia mwenye hati hiyo kwa mita 60, wakili wake atakuaibisha mbele ya watu. Silaha ya kweli iko kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 62: ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Hapo ndipo pa kusimamia, na ndiyo maana ni lazima ujue maji hujaa hadi wapi.

Chuoni sote tulifundishwa ukanda wa kijani wa London: sheria ya 1938, kisha waraka wa 1955 ulioziambia halmashauri za Uingereza zitenge kanda zao. Ule ni mzunguko wa mashamba na misitu kuzunguka mji, na lengo lake la kwanza lilikuwa kuzuia miji isitanuke ovyo na kumezana. Uzuri wa miti ni jambo la ziada. Ukija Mombasa na picha hiyo kichwani utautafuta mzunguko wako, usiuone. Kisiwa kimezingirwa na maji, na bara yake inaishia haraka kwenye mipaka ya Kilifi na Kwale. Kaunti nzima ina kama kilomita za mraba 220 za nchi kavu, na watu waliohesabiwa 2019 ni 1,208,333, kutoka 939,370 mwaka 2009. Kijani chetu ni vipande: mikoko ya Tudor, Port Reitz na Mtwapa, minazi na mikorosho iliyobaki Kisauni na Likoni, mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, viwanja vya mpira, makaburi. Hata machimbo ya saruji ya Bamburi yamo, yale ambayo mtaalamu wa mimea René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971. Vipande hivi havina jina moja wala mlinzi mmoja. Hupotea kimoja kimoja, kila kimoja na faili lake, na hakuna faili hata moja litakaloonekana kubwa mezani pako.

Kuna kipande kimoja kinachowaponza wageni kuliko vyote. Nyuma ya mikoko mirefu, upande wa nchi kavu, mara nyingi pana uwanja mweupe wa chumvi wenye vichaka vifupi vya mchu, aina ya mkoko, hapa na pale. Picha ya setilaiti itakuonyesha ploti tupu iliyotulia. Dalali naye atakuapia kwamba maji hayafiki. Hufika, siku chache tu za bamvua kila mwezi, na huo ndio uhai wake. Nimeona ripoti ngapi zinazoandika "ardhi isiyotumika" mahali kama hapo! Zangu mbili zimo.

Lakini msije mkawa watu wa miti wanaochukia nyumba. Wazee wetu walijenga nyumba za Mji wa Kale kwa boriti za mikoko, hivyo ugomvi huu wa nyumba na mkoko si wa asili. Anayejenga kibanda pembezoni mwa hori pale mtaa wa Moroto hajafanya hivyo kwa kupenda harufu ya tope. Ukimkatalia mtu bila kumwonyesha pa kwenda, ujue umemsogeza kwenye mikoko kwa mkono wako.

Kabla ya kugusa kijani, hesabu kwanza kilichokwisha kujengwa. Mtaa wa Buxton ulikuwa wa nyumba za zamani za kupanga, na tangu 2021 umeanza kujengwa upya kwa ghorofa. Gombana ukitaka kuhusu urefu wake, bei zake, na namna wapangaji wa zamani walivyohamishwa. Hata mimi nina maneno yangu. Ila ardhi yake ilikwisha kuwa ya nyumba. Halafu kuna hili la nyumba bila ardhi, ambalo mtu wa Nairobi humchukua muda kulielewa: hapa mtu anamiliki nyumba, mwingine anamiliki ardhi iliyo chini yake, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi vizazi na vizazi. Benki haimkopeshi kwa sababu hana hati. Hawezi kupandisha ghorofa, na watoto wake wakioa wanakwenda kutafuta ploti pembezoni, kwenye minazi. Nimeamini kwamba mkorosho mmoja wa Kisauni unaweza kuokolewa zaidi na faili la hati la mtaa wa Majengo, penye nyumba za namna hii, kuliko bango lolote la mazingira.

Kosa langu kubwa lilikuwa Kisauni. Tuligawanya shamba kuwa ploti, tukapaka kijani pembe moja: uwanja wa watoto. Mchoro ukapita, ploti zikauzwa, ila ule uwanja haukuwahi kupewa nambari yake wala kukabidhiwa kwa umma. Kwenye karatasi za ardhi ulibaki wa mwenye shamba. Miaka ikapita, ukazungushiwa ukuta, na leo pana maghala. Wazazi walipouliza, hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha ila mchoro wangu uliopauka. Sasa sisaini ugawaji wowote mpaka nione nambari ya kiwanja cha umma na ushahidi kwamba kimekabidhiwa.

Na angalieni siku. Chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019, ombi la ujenzi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Faili linalolala kwenye droo linajipitisha lenyewe. Asiyeridhika na uamuzi naye ana siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti, kwa hiyo mkazi akikuuliza, mwambie leo, usimwambie Jumatatu.

Baraza la wananchi msiite Ijumaa mchana, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba wavuvi hawapatikani siku za bamvua, wako kazini. Ukiita baraza siku hizo utakutana na madalali watupu, na kumbukumbu zako zitasema jamii imeafiki. Ngoja maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala kupwa sana, wakiwa nyumbani.

Ile ghorofa ya Tudor nilikwenda kuikiri kwa mkubwa wangu, naye akanirudisha kwa mwenye ploti nikamweleze mwenyewe. Alinifokea vizuri. Nikamwomba tukutane pale saa kumi, bamvua iliyofuata. Alikuja na viatu vya ngozi, akasimama kwenye kigingi cha mbele hadi maji yakamgusa, kisha akauliza jengo likirudi nyuma atapoteza vyumba vingapi. Tukahesabu palepale: viwili.

Yule mzee hajawahi kuniuliza jina. Tukionana ananiita "mpima bahari."