Bosi ni rafiki ya baba, nitamuaga vipi?

Shangazi, hujambo? Nauza vipuri vya magari katika duka moja la Kirinyaga Road, mwaka wa nne sasa. Mwenye duka ni rafiki ya baba. Ndiye aliyenipokea nilipotoka kwetu Kitui. Nimepata kazi ya stoo katika kampuni iliyoko Mombasa Road, mshahara bora, na wananitaka baada ya wiki mbili. Namwonea haya mzee. Nafikiria kumtumia ujumbe wa WhatsApp kwamba mama anaugua na nimerudi nyumbani. Nishauri.
Muuza vipuri, Huruma

JIBU
Sijambo, mwanangu. Mama mwache na afya yake. Wauza vipuri wa Nairobi wanajuana. Siku utakayotumwa na kampuni kuchukua bearing mtaa wa pili, mzee atakuona, na kabla ya hapo atakuwa ameshampigia baba yako simu kumpa pole.

Mwambie mwenyewe, ana kwa ana, kabla mwenzako yeyote dukani hajajua. Usimvizie wateja wakiwa wamejaa kaunta. Ngoja jioni mkishahesabu mauzo. Barua uwe nayo, lakini usianze nayo: kwa mtu aliyekula kwenu, karatasi ikitangulia ni tusi. Sema, "Mzee, nimepata kazi kwingine. Nimetaka uisikie kwangu kwanza, na nikushukuru." Kisha nyamaza, umwache aseme yake. Mshahara mpya usiutaje. Huenda akakuongezea pesa ubaki, kwa hiyo jibu la hilo uwe nalo kabla hujaketi.

Barua yenyewe ni mistari michache: tarehe, kazi unayoiacha, siku yako ya mwisho, asante. Zile Jumapili alizokufanyisha kazi (najua zipo) haziingii humo. Toa nakala mbili, moja aitie sahihi ubaki nayo.

Linalonisumbua ni hizo wiki mbili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe ilani ya maandishi ya siku 28, na mkataba wako ukitaja muda mrefu zaidi, fuata mkataba. Kwa hiyo wapigie watu wa Mombasa Road leo, uwaombe wakusogezee tarehe. Mwajiri anayekuhimiza utoroke kwa mwenzake, mimi ningemtilia shaka. Wakikataa, mwombe mzee akusamehe siku zinazopungua, na akikubali aandike. Asipokubali, utamlipa mshahara wa siku hizo. Lakini akipandwa na hasira akwambie uondoke jioni ileile, basi yeye ndiye wa kukulipa siku za ilani alizokunyima, isipokuwa mkiafikiana vingine.

Muda uliobaki, fanya kazi ya kukabidhi. Daftari la madeni ndilo la kwanza: mafundi wa gereji za Grogan waliochukua vipuri kwa mkopo, nani anadaiwa nini, nani hulipa Ijumaa, nani hukwepa. Mengi ya hayo yako kichwani mwako tu, yaandike. Hesabu stoo mkiwa wawili. Laini ya M-Pesa ya duka na funguo virudishe mbele ya mtu.

Ukilipwa mara ya mwisho, ulizia siku za likizo ulizostahili na hukuzichukua. Sheria inakupa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka. Na uombe cheti cha utumishi, karatasi inayoonyesha ulifanya kazi gani hapo na kwa muda gani. Barua ya kukusifu si lazima akuandikie, ila cheti ni haki yako. Kichukue siku hiyohiyo.