Commence, begin au start: lipi liingie kwenye mkataba wa ghala?

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Masasi. Msimu huu tunakodi ghala la nyongeza kwa siku 30, na mwenye ghala anataka mkataba wa Kiingereza. Nimeandika hivi: "The rental period will be commence from 1 October at 3 a.m." Mwenzangu anasema nifute commence niweke start, eti hilo la kwanza ni la kujikweza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu karani, neno umelichagua vizuri. Commence lina maana ileile ya begin na start, ila ni la kiofisi: mikataba, matangazo ya minada, hati za mahakama. Kwenye ujumbe wa simu andika start. Kwenye mkataba liache, na hakikisha lina m mbili, maana wengi huandika moja. Shida iko kwenye maneno yanayolizunguka, na mawili kati ya makosa yako yanaweza kuwatia hasara.

Dogo kwanza. Baada ya will au shall, kitenzi husimama chenyewe: "shall commence". Be huingia pale mtu anapolianzisha jambo, kama kesi: "The case was commenced". Muda wa pango huanza wenyewe.

La pili ni saa. Saa tatu asubuhi kwa Kiingereza ni 9 a.m. Hiyo 3 a.m. uliyoandika ni saa tisa usiku, na mwenye ghala akiamua kuushikilia mkataba, mlinzi wenu atatakiwa awepo mlangoni wakati huo. Saa yetu ikiwa sita au chini yake, ongeza sita. Ikizidi sita, toa sita. Saa nane mchana ni 2 p.m.

Kosa zito kuliko yote ni from. Mazoea ya Kiswahili, "kuanzia tarehe 1", hutuvuta tuandike from, nasi tarehe 1 tunaihesabu. Katika uandishi wa sheria wa Kiingereza, kwa kawaida muda unaohesabiwa from tarehe fulani hauihesabu siku hiyo yenyewe. Siku 30 "from 1 October" zinaishia tarehe 31. Ukiandika "commencing on 1 October", tarehe 1 imo, na siku 30 zinaishia tarehe 30. Siku moja ya pango, magunia yakiwa bado ndani, inatosha kuzua ugomvi. Kwa hiyo usimwachie mtu nafasi ya kuhesabu; taja siku zote mbili, na saa ya kufungua iwe na sentensi yake:

"The rental period shall be 30 days, commencing on 1 October and ending on 30 October, both days included. The warehouse shall be opened at 9.00 a.m. on the first day."

Mwaka uongeze kwenye kila tarehe. Na mkitaja upakiaji, andika "commence loading". "Commence to load" siku hizi inasikika ya kizamani.

SWALI: Niko kidato cha pili, Lindi. Mwalimu amenikata alama kwenye "I have began" na "begin the engine". Kwa nini?

JIBU: Began ni ya wakati uliopita peke yake: "I began yesterday". Ikitanguliwa na have, has au had, tumia begun. Injini, pikipiki na jenereta huchukua start tu. Ukiwasha mtambo huwezi kutumia begin wala commence. Start vilevile ndiyo ya kufungua biashara: "start a shop".

Jingine litakalokukuta kwenye mtihani: begin hufuatwa na to au -ing, vyote sawa, "began to rain", "began raining". Lakini yenyewe ikishakuwa beginning, kinachofuata ni to: "It is beginning to rain".