Kabla ya Katiba na Muhuri: Kuanzisha Kundi la Utafiti wa Ufundishaji Hisabati

Wakufunzi watano wa hisabati wakiamua kuanzisha kundi la utafiti, kikao cha kwanza huwa cha katiba, cha pili cha kuchagua mwenyekiti, cha tatu cha kuandika barua ya kuomba fedha. Mwaka ukiisha muhuri upo, ukurasa wa utafiti hakuna. Geuzeni mpango huo: anzeni na maandishi.

Ndivyo fani hii ilivyoanza. Mwaka 1899 Henri Fehr wa Uswisi na Charles-Ange Laisant wa Ufaransa walianzisha jarida la kimataifa la ufundishaji wa hisabati. Ni humo humo, mwaka 1905, David Eugene Smith wa Marekani alipotoa wazo la kuwa na kamisheni ya kimataifa, na mwaka 1908 wanahisabati waliokutana Roma wakaiunda, Felix Klein akiwa rais wake. Leo tunaijua kama ICMI. Vita viliilaza mara mbili, ikainuliwa upya mwaka 1952. Kisha Hans Freudenthal wa Uholanzi, akiwa rais wa kamisheni hiyo, akarudia mwendo ule ule: jarida mwaka 1968, kongamano la kwanza la dunia mjini Lyon mwaka 1969.

Lakini kwa miaka mingi kamisheni ilishughulika zaidi na mitaala: nchi gani inafundisha nini, darasa la ngapi. Swali la mtoto anawaza nini lilipata watu wake baadaye. Efraim Fischbein aliongoza mazungumzo ya saikolojia ya kujifunza hisabati kwenye kongamano la pili la dunia, mjini Exeter, mwaka 1972. Miaka minne baadaye, kwenye kongamano la Karlsruhe, mazungumzo hayo yakazaa PME, kundi la kimataifa la saikolojia ya elimu ya hisabati, na mkutano wake wa kwanza ukafanyika Utrecht mwaka 1977. Igeni mambo mawili kwao: wanakutana kila mwaka, na ripoti kamili ya utafiti haizidi kurasa nane. Kurasa nane mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki anaziweza. Tasnifu hawezi.

Sasa chagueni swali moja dogo. Mfano: "Lita moja ya mafuta ya kula ni shilingi 6,000. Lita 0.75 ni shilingi ngapi?" Jibu ni 4,500, ila mtakutana na 8,000, yaani 6,000 kugawanya kwa 0.75. Huyo hajakosea kuhesabu. Kugawanya kwa desimali ni kugumu kuliko kuzidisha, naye kakuweza. Mwaka 1985 Fischbein na wenzake, wakiwapima wanafunzi wa Italia, walieleza kinachotokea: kichwani kuzidisha kumebaki kule kujumlisha kwa kurudiarudia, basi jibu lazima likue. Mwanafunzi akihisi jibu linapaswa kupungua, anakimbilia kugawanya.

Hapo Kiswahili kinawapa nafasi nzuri ya utafiti. Dukani hakuna anayesema "sifuri nukta saba tano". Watu husema robo tatu. Andaeni karatasi za aina mbili, moja yenye "lita 0.75", nyingine "robo tatu ya lita", mzigawe kwa kupishana dawati zima. Mkiwa na wanafunzi 80, kila aina inapata 40. Wekeni maswali mengine mawili ya kawaida ili swali lenu lisijitangaze. Wajibu kwa kalamu ya wino, si penseli, kwa sababu ufutio unafuta data: ile hesabu ya kwanza aliyoikata mtoto ndiyo mnayoitafuta. Majina msiandike, tumieni namba.

Kusahihisha kwa vema na kosa ndiko kunakoua tafiti nyingi za walimu. Wekeni mafungu kwa njia aliyotumia mtoto: amezidisha, ametafuta robo kisha akachukua robo tatu, amegawanya kwa 0.75, njia nyingine, hakujibu. Watu wawili wapange karatasi 20 zile zile bila kuonana. Wakikubaliana kwa 16 au zaidi, endeleeni. Chini ya hapo tatizo ni maelezo ya mafungu, wala msilaumiane. Yaandikeni upya na mchukue karatasi 20 nyingine. Kisha waiteni wanafunzi sita, dakika kumi kila mmoja, swali likiwa "Umeipataje?" Ukiuliza "Kwa nini umekosea?" utapewa samahani, si maelezo.

Kibali kisiwe jambo la mwisho. Mkuu wa shule aandikiwe kwanza, na kama mnakusudia kuchapisha, ulizeni mapema taratibu za tume ya sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya.

Makundi huvunjwa na mambo mawili, uhamisho na posho. Katibu akihamishwa na daftari linaondoka naye, kwa hiyo kumbukumbu ziwe nakala mbili na ukatibu uzunguke kila muhula. Posho ni mtego zaidi. Kuanzia mwaka 1962 semina za Entebbe ziliwakusanya wanahisabati wa Afrika, Uingereza na Marekani kuandika vitabu vya "hisabati mpya", ule mtaala ulioanza na seti na dhana dhahania, kwa fedha za Marekani. Vitabu vilitoka, vinene kweli. Lakini watu walikuja kuandika vitabu, hawakuja kuhoji majibu ya watoto, na mwaka 1981 Kenya ikaachana na hisabati hiyo. Kikao cha dakika 90 kila wiki mbili, chai mkichangia wenyewe, kitadumu kuliko semina ya wiki moja hotelini.

Msiunde chama kipya. CHAHITA, Chama cha Hisabati Tanzania, kipo tangu mwaka 1966. Ombeni dakika 20 kwenye mkutano wake. Kongamano la Afrika la ICMI limepita Johannesburg 2005, Nairobi 2007, Gaborone 2010, Maseru 2013 na Dar es Salaam 2018. Tazameni mapengo hayo, msilisubiri. Kwa mkutano wa kila mwaka upo wa SAARMSTE, chama cha watafiti wa elimu ya hisabati, sayansi na teknolojia kusini mwa Afrika, unaofanyika Januari.

Mkiandika kwa Kiingereza, maneno ya mtoto yaacheni kwa Kiswahili kama alivyoyasema, tafsiri ikae chini yake. "Nimegawa kwa sababu haifiki lita" ni sentensi ambayo msomaji wa Arusha ataona ndani yake jambo ambalo mtafsiri hakuliona.