Wimbo wa mtaa upitie kwanza mtaani

Vijana wengi wa hapa Lubumbashi wananiuliza namna ya kuanza kazi ya kutunga na kuimba, na karibu kila mara swali lao ni la studio: ipi ni nzuri, bei gani, nani anajua kupiga klipu. Studio inakuja mwisho. Kama unaimba maisha ya watu wa Katuba, Ruashi au Kamalondo, wimbo wako umfikie kwanza mwenye maisha hayo, angali kazini.

Mimi nilikuwa natunga wimbo juu ya mama muuza bunga, yaani unga, wa soko la Kenya, ile komini yetu ya hapa Lubumbashi. Nilikaa kando ya meza yake, nikamwimbia beti mbili kwa sauti ya chini huku akipimia wateja. Nilipofika kwenye mstari wa bei, akashika meka, kile chombo cha kupimia, akaijaza mpaka ikafanya kilima, kisha akapitisha kipande cha ubao juu yake na kilima chote kikarudi ndani ya mfuko. “Mwanangu, imba hapa,” akaniambia. “Bunga ikipanda bei kule mpakani Kasumbalesa, mimi sipandishi bei. Nakata kilima.” Mstari ule nisingeupata nyumbani, hata ningekesha na gitaa. Sasa nikiuimba, wamama wanaitikia kabla sijafika kwenye kiitikio, kwa kuwa kila mmoja amekwisha kutazama ule ubao ukipita.

Nyimbo za namna hiyo bado ni nyingi, hazijatungwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walianza kuondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wapo bado, tunaishi nao. Ukimkuta papa mmoja wao, usimuulize alisikia uchungu gani; atakujibu maneno yaliyokwisha kuimbwa na kila mtu. Muulize alinunua nini na ile pesa aliyopewa ya kuondoka, nani alikuja wa kwanza kukopa, watoto walisoma wapi baadaye. Halafu nyamaza, mwache aseme.

Pia tunga wimbo unaoweza kusimama na gitaa moja. Umeme unakatika, mpiga besi anaumwa, na matanga hayangoji. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, akiwa na sauti yake na gitaa lake tu, akilipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Nikimsikiliza yeye, sioni kinachopungua.

Kuhusu mkate, usiache kazi yako mapema. Fundi magari, mwalimu, muuza makala ya kupikia, yeyote uwe: kazi ndiyo inayokulisha, na ndiyo inayokupa maneno. Harusi na vilio vitakupa kitu, lakini omba avansi kabla ya kubeba vyombo.

Kuna jambo moja nalishikilia sana, nalo ni majina ya wakubwa. Atakuja mtu na pesa, atataka jina lake liingie ndani ya wimbo. Jukwaani, mshukuru kwa adabu, hakuna ubaya. Ndani ya rekodi, kataa. Yule mama wa bunga amekupa maneno yake bure. Jina la bwana mwenye magari likikaa katikati ya beti yake, wimbo si wake tena, na soko zima litajua. Najua kukataa ni kugumu wakati nyumbani hakuna bukari, yaani ugali. Ndiyo maana nimetangulia kusema uwe na kazi.

Mwisho ni karatasi, ambazo wengi wetu hatuzipendi. Sheria ya haki za mtunzi tunayo hapa Kongo tangu 1986, na kazi ya kukusanya pesa za haki hizo ni ya SOCODA, shirika la haki za watunzi. Jiandikishe kabla hujaweka wimbo kwenye intaneti. Na kabla ya kuingia studio, kaa na mpiga gitaa wako, muandike nani ametunga maneno, nani sauti, kila mmoja sehemu yake ni ngapi, mtie sahihi wote wawili na kila mmoja abaki na nakala. Fanyeni hivyo wakati wimbo haujaleta hata faranga moja. Siku hiyo mtaelewana kwa dakika chache.