Niliacha pombe wiki nzima, je, bado mimi ni mraibu?

SWALI: Daktari, nina miaka 38 na kazi yangu inakwenda vizuri. Nakunywa kila jioni, na siku nyingine namalizia na kidonge cha usingizi. Mwezi uliopita niliacha vyote wiki nzima ili mke wangu aone kwamba mimi si mlevi. Siku mbili za kwanza mikono ilitetemeka kidogo na sikupata usingizi, baadaye nikawa sawa. Sasa nimerudia kunywa, na yeye bado anasema nina tatizo. Nijipimeje?

JIBU: Ndugu yangu, jambo zito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu: ile mikono iliyotetemeka. Pombe hupoza utendaji wa ubongo. Ukiinywa kila siku, ubongo nao hujichangamsha zaidi ili uweze kufanya kazi hivyo hivyo. Ukiiondoa ghafla, ule uchangamfu hubaki bila cha kuuzuia. Ndipo huja kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na wasiwasi, kwa kawaida kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Vidonge vingi vya usingizi huleta hali kama hiyo, ingawa baadhi huchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo mwili wako umeshazoea, hata kama hujawahi kuhitaji kuzimua asubuhi.

Ile wiki uliyoacha haithibitishi ulichotaka kuthibitisha. Waraibu wengi huweza kuacha kwa muda. Kinachowashinda ni kubaki walipofika, au kunywa kiasi kile walichopanga na kuishia hapo. Mimi ningependa kujua zaidi ile siku uliyorudia. Ulikusudia kunywa kiasi gani, na ulikunywa kiasi gani? Katika zile siku saba, mawazo yako yalirudi kwenye chupa mara ngapi?

Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, una vigezo 11. Viwili vikikupata ndani ya miezi 12, na vikiwa vinakuumiza au kuvuruga maisha yako, tayari ni tatizo. Sita au zaidi ni tatizo kali. Kushindwa kutimiza wajibu, kazini au nyumbani, ni kigezo kimoja tu. Vingine ni kunywa zaidi ya ulivyokusudia, kutaka kupunguza ukashindwa, hamu kali, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili ulewe kama zamani, kuacha mambo uliyoyapenda, na kuendelea ingawa unaona madhara, ugomvi wa nyumbani ukiwamo. Kuficha hakumo kwenye orodha hiyo, lakini mimi huuliza kila mara: ipo chupa ambayo mkeo haijui? Mtu huijua mapema sababu ya kuficha kwake, hata kabla hajawa tayari kuitamka.

Kwa wanaotumia vitu vingine maswali ni yale yale, ila mwili husema kwa namna tofauti. Arosto ya heroini huja na miayo, mafua, maumivu ya mwili na kuharisha. Anayeacha bangi huwa na hasira za haraka, hukosa usingizi na hamu ya chakula. Wa kokeini huenda asitetemeke kabisa, akabaki na uchovu na huzuni nzito.

Sasa nakuomba sana: usijijaribu tena kwa kuacha ghafla. Pombe na vidonge vya usingizi ukivitumia pamoja vinaweza kusimamisha pumzi. Ukivikatisha kwa mpigo vinaweza kuleta degedege, ambalo kwa pombe hutokea zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Mara nyingi kila unapoacha hivyo na kurudia, dalili za safari inayofuata huwa kali zaidi.

Nenda kwa daktari ukamwambie kiasi halisi, vidonge vikiwemo. Huenda akakupa dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10; alama 8 na kuendelea zinahitaji kufuatiliwa. Zipo dawa za kukuvusha siku za mwanzo salama, na nyingine, kama naltreksoni, za kupunguza hamu baadaye. Ukiweza, nenda na mkeo, maana yeye ameona usiku ambao wewe huukumbuki. Na kabla hujafika huko, ukipatwa na degedege, ukianza kuona vitu visivyokuwepo au ukachanganyikiwa, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo.