Kadi nimekabidhiwa, sasa tuongee kuhusu oili

Jumatatu nilikabidhiwa kadi ya pikipiki. Mkataba wa kumlipa bosi hesabu mpaka pikipiki iwe yangu umeisha, Boxer ni yangu, na injini yake haijafunguliwa tangu itoke dukani. Nilipoweka picha ya kadi kwenye status, bodaboda wenzangu wa hapa Mbeya, Mwanjelwa, Kabwe mpaka Uyole, wakaanza kuniuliza siri. Mmoja alitaka kujua nimekwenda kwa mganga gani. Najua kila kijana wa mkataba anaiota kadi yake, basi nitasema yote.

Mjue kwanza kwamba hii si pikipiki ya kwanza kukabidhiwa. Bosi wangu wa mwanzo, simtaji, alininyang'anya yake mbele ya kijiwe kizima akisema nimemuulia klachi. Klachi ilikuwa inateleza kweli: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi, hasa unapopandisha na abiria mwenye gunia la viazi. Lakini oili alikuwa ananunua yeye, ya kupima kwenye dumu, ya gari dogo, eti oili ni oili. Pikipiki zetu hizi oili yake ni moja, inalainisha injini na gia, na sahani za klachi zinaogelea humohumo. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano haishiki. Fundi alimweleza yote hayo. Hakusikia. Nikarudi Isyesye kwa miguu, na nyumbani nikaambiwa kazi ya mjini siiwezi. Waliosema hivyo juzi walikuja kuomba lifti, nikawapa.

Kwa hiyo mdogo wangu, oili kwanza. Nunua iliyoandikwa 4T, yaani ya pikipiki za injini ya mipigo minne, yenye alama ya JASO MA, yaani inafaa klachi inayoogelea kwenye oili, na kwa pikipiki nyingi za hapa uzito wa 20W-50 unafaa, ila hakikisha kwenye kitabu chake. Ipime asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Kitabu kitakutajia kilomita za kubadilisha, lakini sisi tunapanda milima na mizigo, mimi huwa nawahi. Imwage injini ikiwa na uvuguvugu ili uchafu utoke nayo. Chupa tupu itoboe hapohapo, maana kuna watu wanaziokota wakajaze wanachojua wao.

Cheni. Ukipeleka abiria Tukuyu wakati wa mvua, ukirudi cheni imejaa udongo mwekundu, na udongo huo unasaga taratibu meno ya sproketi, yale magurudumu yanayozungushwa na cheni. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, ndipo upake oili nzito ya gia. Oili chafu iliyotoka kwenye injini usipake, ina vumbi la chuma. Ulegevu uwe kama sentimita 2 hadi 3 katikati, na zungusha tairi upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Wengine wanaikaza mpaka inalia kama mashine ya kusaga wakidhani ndiyo uimara. Inakula beringi.

Plagi ifungue mwenyewe, spana yake huja na pikipiki. Ikiwa kahawia, shwari. Ikiwa nyeusi ya masizi, injini inakunywa petroli nyingi mno kwa hewa inayopata. Mbeya tuko juu, takribani mita 1,700, hewa ni nyepesi, na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyosetiwa Dar es Salaam huku inaweza kuzidisha mafuta. Ila anza na chujio la hewa kabla ya kumruhusu fundi ashike kabureta. La sponji linafuliwa kwa maji ya sabuni, linakaushwa, linapakwa oili kidogo. La karatasi halifuliwi.

Na breki! Nawaona mnashuka mteremko wa Iwambi mmezima injini, gia nyutro, eti mnabana petroli. Breki za ngoma zikipata moto zinapungua nguvu, na mbele yako kuna lori la Tunduma. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikusaidie kushika.

Nisemeje zaidi? Kuna kijana anafunga spika na taa za rangi, pikipiki inang'aa kama harusi, halafu ukimwuliza oili alibadilisha lini anacheka. Huyo huyo mwisho wa mwezi anamlaumu bosi. Nanyi mabosi, mkipokea hesabu kila jioni, toeni hela ya oili sahihi bila kusukumana, na risiti mdai. Dereva akikwambia klachi inateleza, jiulize kwanza umemnunulia oili gani.