Maswali ya Wasomaji: Nilimaliza Swali, Mbona Google Wamenikataa?

SWALI: Nilisailiwa na Google kwa nafasi ya mhandisi wa programu. Nilitakiwa nitafute katika orodha namba mbili zinazojumlika kupata kiasi fulani. Niliandika msimbo kimyakimya, nikamaliza kabla ya muda, kisha nikajibiwa hapana bila maelezo. Nilikosea wapi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole sana. Aliyekusaili haamui peke yake. Anaandika ripoti, na ripoti za wasaili wote husomwa na kamati ambayo haijawahi kukuona. Ukinyamaza, hana la kuandika zaidi ya msimbo wako, na huenda hata huo ulikuwa na kasoro.

Usaili ni dakika 45 hivi. Tano za kwanza uliza: orodha imepangwa? Namba zinaweza kujirudia? Kusipopatikana jozi, nirudishe nini? Kisha eleza njia kwa sauti kabla hujaandika hata mstari mmoja. Anza na ile ya wazi, ya kujaribu kila namba na kila nyingine, na useme kwa nini haifai: namba 100,000 zinatoa jozi karibu bilioni 5. Halafu taja jedwali la hashi, yaani hifadhi ya data inayokuonyesha karibu papo hapo kama namba fulani imo. Unapita orodha mara moja tu. Kwa kila namba unatazama kama kiasi kinachokosekana kufikia jumla inayotakiwa kimo tayari kwenye jedwali. Kama hakimo, unaiingiza namba hiyo na kusonga mbele. Sema pia kwamba kasi hiyo inalipiwa kwa kutumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta.

Wengi hujikwaa kwenye mpangilio: wanaingiza kwanza, ndipo wanatafuta. Jaribu 3, 5, 8 kwa lengo la 10. Hakuna jozi hapo, lakini msimbo wa namna hiyo utajibu 5 na 5, kwa kuwa 5 imejikuta yenyewe. Ndiyo maana dakika kumi za mwisho ni za kupitisha mifano kwa mkono, mstari kwa mstari: orodha tupu, namba moja, na 5, 5, ambayo lazima ikubaliwe.

Ukifanya mazoezi, tumia faili tupu isiyokamilisha maneno wala kuendesha msimbo, na uongee kwa sauti hata ukiwa peke yako chumbani.

SWALI: Amazon wataniuliza nilivyogombana na mwenzangu kazini. Uhandisi unahusikaje? – Msomaji, Arusha

JIBU: Unahusika sana. Amazon ina kanuni 16 za uongozi, na wasaili hugawana za kupima. Andaa visa sita hadi vinane vya kweli: hali ilikuwaje, jukumu lako, ulichofanya, matokeo kwa takwimu. Kosa kubwa hapa ni kusema “tulifanya” kuanzia mwanzo hadi mwisho. Msaili anashindwa kujua mchango wako. Na usichague kisa ambacho mwenzako ndiye mkosaji wa kila kitu, kwani swali litakalofuata ni wewe ungebadilisha nini.